Maziwa ya mama sio dawa ya macho ya kichanga

Jamani wamama, hii ya kumkamulia mtoto maziwa machoni akiamka na matongotongo tuiache. Najua bibi ndo kakwambia, na kweli maziwa ya mama ni kinga kubwa, ila kinga hiyo mtoto anaipata akinyonya, usiyategemee kutibu jicho lenye usaha maana unachelewa hospitali na hapo kwenye kuchelewa ndo watoto wanapopofuka.

Mtoto hajafikisha siku 28, kope zimevimba, jicho jekundu, usaha ukiufuta muda si mrefu umejaa tena, hiyo ni dharura, mpeleke leo leo. Inaweza kuwa kisonono au klamidia (magonjwa ya zinaa) aliyoipata kwa mama wakati wa kuzaliwa. Kisonono mara nyingi huanza siku ya 2 mpaka ya 5 na kinaweza kutoboa kioo cha jicho haraka sana, tyubu ya tetrasaiklini (dawa ya kupaka machoni) peke yake haitoshi, anahitaji sindano, na baba na mama wote wanatibiwa. Usiogope kusemwa, mama anaweza kuwa nacho bila dalili yoyote.

Sasa lipo jicho linalotoa machozi na kugandana asubuhi lakini si jekundu, halijavimba. Huo mara nyingi ni mfereji wa machozi haujafunguka, na kwa watoto wengi unafunguka wenyewe kabla ya mwaka 1. Mwonyeshe nesi kwanza athibitishe, halafu nyumbani nawa mikono, chovya pamba safi kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, futa mara moja kutoka upande wa pua kwenda nje, tupa, chukua pamba nyingine.