Kurekebisha mpasuko wa mdomo ukubwani: maswali na majibu

Nilizaliwa na mdomo sungura na sasa nimepita miaka 40. Je, nimechelewa?

Hujachelewa. Mdomo hushonwa katika umri wowote, mradi afya yako kwa jumla inaruhusu. Watoto huwahishwa, mdomo mara nyingi kati ya miezi 3 na 6 na kaakaa (sehemu ya juu ndani ya kinywa, ambayo nayo huweza kuwa na mpasuko) kabla ya miezi 18, ili wale vizuri na hasa wajifunze kusema wakiwa na kaakaa lililofungwa. Mtu mzima ana nafuu zake pia. Mdomo peke yake unaweza kushonwa kwa sindano ya ganzi, ukiwa macho. Na pua iliyopinda, ambayo huambatana sana na mpasuko, hunyooshwa vizuri zaidi uso ukishakomaa.

Ilitokana na nini? Mama amelaumiwa maisha yake yote.

Mdomo wa mtoto huungana kati ya wiki ya 4 na ya 7 ya mimba, wakati ambapo wanawake wengi ndiyo kwanza wanajua kuwa ni wajawazito. Kaakaa hufuata, hadi wiki ya 9 hivi. Pande mbili zisipokutana, mpasuko hubaki. Huzaliwa nao takriban mtoto 1 kati ya 700. Urithi huchangia, na sigara, kisukari kisichodhibitiwa au baadhi ya dawa za kifafa huongeza uwezekano, lakini mara nyingi hakuna anayeweza kuonyesha sababu moja. Kama mama yako yu hai, msomee jibu hili.

Nikifanyiwa upasuaji nitazungumza kama wengine?

Hapa ndipo watu wengi huahidiwa makubwa kisha wakavunjika moyo, kwa hiyo nitasema wazi. Kama mpasuko ni wa mdomo tu, herufi kama p, b na m huwa rahisi zaidi kutamka na usemi haukusumbui sana. Kaakaa ni jambo jingine. Likiwa wazi, hewa hupotelea puani, na tangu utotoni ulimi na koo hujitafutia njia nyingine za kutoa sauti. Daktari akifunga kaakaa leo, mazoea hayo ya miaka mingi hayaondoki nalo. Utahitaji miezi ya mazoezi na mtaalamu wa tiba ya usemi, na hata hivyo huenda sauti ya puani ikapungua bila kuisha kabisa.

Tena, mpasuko wa kaakaa la mtu mzima huwa mpana, na mshono unaweza kuachia mahali na kubakiza tundu linalohitaji upasuaji wa pili. Hata hivyo, kula na kunywa bila chakula kutokea puani ni mabadiliko makubwa sana kwa mtu aliyezoea kula peke yake akijificha. Na kama upasuaji haukufai, daktari wa meno anaweza kukutengenezea kifuniko cha kaakaa unachokivaa na kukivua kama meno ya bandia.

Nilishonwa nikiwa mtoto, lakini kovu limeuvuta mdomo juu.

Marekebisho ya pili ni jambo la kawaida. Mweleze daktari mapema kama makovu yako huwa yanavimba na kukua.

Nijiandae vipi?

Acha sigara angalau wiki 4 kabla, kwa sababu huchelewesha kidonda kupona. Tibu meno yaliyooza. Dhibiti kisukari na presha, na taja kila dawa unayotumia, za mitishamba zikiwemo. Kisha muulize daktari: ameshawafanyia watu wazima upasuaji huu? Nitahitaji kurudi mara ngapi? Nani atanisaidia kwenye usemi? Daktari mzuri hachukizwi na maswali haya.

Kioo kitanionyesha nini?

Mwanzoni, uvimbe. Nyuzi za nje hutolewa baada ya siku 5 hadi 7 hivi. Kovu huwa gumu na lenye kuonekana sana miezi ya kwanza, halafu hulainika taratibu kwa muda wa mwaka. Likinge na jua kali. Halitafutika kabisa. Wengine hufurahi na huku wakihuzunika, au huendelea kuziba mdomo kwa mkono wakicheka. Si kukosa shukrani. Zungumza na mshauri nasaha.

Ndugu zangu wananisukuma, lakini mimi nimeuzoea uso wangu.

Basi usifanye kwa ajili yao. Uso ni wako, na kuamua kubaki nao ni uamuzi kamili. Ninachokusihi ni kupimwa masikio, meno na kaakaa, kwani matatizo ya kusikia huwapata sana watu wenye mpasuko wa kaakaa.

Na watoto wangu?

Kama mzazi mmoja ana mpasuko usioambatana na ugonjwa mwingine, uwezekano kwa kila mtoto ni karibu 4 kati ya 100. Mtoto akizaliwa, hata mdomo ukiwa mzima, mwombe mkunga amulike na kukagua kaakaa lote siku hiyohiyo. Mpasuko wa kaakaa peke yake hauonekani kwa nje, na mtoto anaweza kushindwa kunyonya siku kadhaa bila mtu kujua chanzo.