Muuzaji wa mtandaoni hamiliki taarifa zako

Unaagiza viatu kwa WhatsApp ukiwa Arua au Kampala, unatuma jina, namba ya simu na mtaa unaoishi. Mzigo unafika. Taarifa zako zinabaki kwa muuzaji, na hapo ndipo wengi hudhani hawana tena la kusema. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inasema vingine.

“Nilimpa namba mwenyewe, basi ana uhuru nayo.”

Ulimpa ili mzigo ukufikie. Kuigawa kwa wengine kunataka ridhaa yako, nawe ukijua unachokubali. Mwanzoni mwa 2021, baada ya shirika la Unwanted Witness kulalamika, NITA-U, mamlaka ya serikali ya teknolojia ya habari, ilikuta kwamba SafeBoda, kampuni ya usafiri wa bodaboda, iliipa CleverTap, kampuni ya nje, taarifa za wateja bila ridhaa ya namna hiyo. Wateja wale nao walikuwa wamejisajili kwa hiari yao.

Tena sheria inamtaka muuzaji achukue kile tu kinachohitajika. Anayekudai picha ya kitambulisho cha taifa, mbele na nyuma, ili akuletee sketi, amepitiliza. Hili linanikera kuliko yote, kwa sababu picha hiyo ikiangukia kwa tapeli, anapata jina lako kamili, tarehe yako ya kuzaliwa na NIN, yaani namba yako ya utambulisho wa taifa, kwa mkupuo. Mkatalie. Namba ya siri ya pesa za simu ndiyo usiitaje kabisa, kwani hakuna malipo halali yanayomtaka muuzaji aijue.

“Sheria hii ni ya kampuni kubwa za Kampala.”

Inamgusa hata mtu mmoja anayeuza kwa simu yake, na pia walio nje ya nchi wanaokusanya taarifa za raia wa Uganda.

“Meseji za matangazo hazizuiliki.”

Mwandikie muuzaji aache kutumia taarifa zako kwa matangazo. Ana siku 14 za kukujibu kwa maandishi kwamba ametii au atatii, au akupe sababu za kukataa.

“Wakiuza namba zetu hakuna kitakachowapata.”

Kuuza taarifa binafsi ni kosa la jinai: faini isiyozidi shilingi 4,900,000, kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Faini hiyo naiona ndogo mno kwa mfanyabiashara mkubwa, ila kampuni ikitiwa hatiani mahakama inaweza kuitoza hadi asilimia 2 ya mapato ghafi ya mwaka. Aliyeumizwa naye anaweza kudai fidia mahakamani.

Malalamiko hupelekwa Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi, iliyo chini ya NITA-U. Kabla ya kufuta zile meseji za matangazo kwa hasira, zipige picha ya skrini, tarehe na namba ya mtumaji zionekane, na utunze mazungumzo yote ya siku ulipoagiza.