Halijoto ya chanzo cha ayoni baridi mno hupimwaje?

Wanafunzi wangu wa fizikia hapa Kampala huuliza ni kipimajoto gani kinachoweza kuingizwa katika wingu la ayoni (atomu zilizopoteza elektroni) lenye halijoto ya milikelvini 1, yaani sehemu ya elfu moja ya digrii juu ya sifuri halisi. Hakipo; tunachopima ni mwendo. Abiria wa taksi iendayo Jinja wote wana kasi ya gari, lakini halijoto inahusu jinsi wanavyosukumana ndani.

Chanzo huanza na atomu za rubidi zilizopozwa kwa leza na kunaswa kwa msaada wa sumaku. Leza mbili, moja ya nanomita 780 na nyingine ya karibu nanomita 480, huzing'oa elektroni kwa nishati inayozidi kidogo tu kiwango kinachohitajika, na ziada hiyo huchukuliwa karibu yote na elektroni, kwa kuwa ayoni ya rubidi ni nzito kuliko elektroni zaidi ya mara 150,000. Ndiyo maana ayoni hubaki baridi.

Kwa milikelvini 1, kasi ya pembeni ya ayoni hizo ni takriban sentimita 31 kwa sekunde. Zikiharakishwa kwa uga wa umeme hadi nishati ya elektronivolti 10, zitasafiri mita 1 kwa mikrosekunde 210 hivi, na mtawanyiko utakaoonekana kwenye skrini ya kigunduzi utakuwa mikromita 65 tu, ilhali katika halijoto ya chumba ungefikia milimita 36. Ugumu ni kwamba wingu lenyewe huweza kuwa na upana wa makumi ya mikromita tangu mwanzo, na tundu la kutokea la kiharakishi (kifaa kinachoziharakisha ayoni) hutawanya mwale wa ayoni kama lenzi ya kutawanya mwanga. Kwa hiyo mimi siamini doa moja la mwale kwenye skrini. Uga wa umeme wa kiharakishi ukibadilishwa wakati ayoni zikiwa bado njiani, lenzi hiyo hudhoofishwa, au hata hugeuzwa ikakusanya mwale. Nguvu ya lenzi hiyo ikipandishwa hatua kwa hatua, upana wa doa huchora mkunjo ambao hutenganisha mchango wa ukubwa wa wingu na ule wa halijoto.

Linabaki jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote: ayoni husukumana zenyewe. Mbili zikiwa umbali wa mikromita 10, nishati ya msukumano wao ni sawa na kelvini 1.7 hivi, yaani zaidi ya mara 1,000 ya halijoto tunayoitafuta. Hivyo vipimo hurudiwa kwa ayoni chache zaidi katika kila mpigo (kundi la ayoni linalotolewa kwa mara moja), na ikiwa doa linaendelea kusinyaa, namba iliyotangulia haikuwa halijoto ya chanzo.