Wanyama na Maneno ya Barazani

Ukikaa Mkunguni jioni, mbele ya ngome ya Lamu, kahawa haijapoa utasikia jina la Victor Wanyama, kiungo mkabaji Mkenya. Ligi Kuu ya Uingereza aliiaga mwaka 2020, lakini mpaka leo kijana yeyote wa hapa anayecheza katikati hupimwa kwake. Shida ni kwamba wapimaji wenyewe wengi hawamjui.

Wanasema ndiye Mkenya wa kwanza kucheza Ligi ya Mabingwa Ulaya. Siye. Aliyetangulia ni kaka yake, McDonald Mariga, akiwa Inter Milan mwaka 2010. Wanyama ni wa kwanza kufunga bao humo: kichwa cha tarehe 7 Novemba 2012, siku Celtic ilipoilaza Barcelona 2-1. Kwa hiyo na wale wanaosema kiungo mkabaji kazi yake ni kuchezea watu rafu tu, wajibu lile bao, kisha wajibu na lile kombora la mbali alilowapiga Liverpool pale Anfield Februari 2018.

Wengine wanadhani alitoka Nairobi akatua moja kwa moja Uingereza. Kwanza alipita Helsingborg ya Uswidi, akaenda Beerschot ya Ubelgiji, ndipo Celtic ya Uskoti ikamchukua 2011. Southampton ya Uingereza ilikuja 2013. Na kiwango chake kiliposhuka baadaye akiwa Tottenham, si kwamba alilewa sifa. Goti lilimsumbua tangu Agosti 2017.

Lakini neno linaloniudhi hasa ni hili: "Yule Southampton walimpa pauni milioni 12.5!" Hawakumpa yeye. Ada ya uhamisho hulipwa klabu anayotoka, na hapa ni Celtic. Mchezaji hula mshahara wake na marupurupu ya mkataba.

Tena si Celtic peke yake inayolipwa. Kanuni za FIFA hukata asilimia 5 ya ada ya uhamisho wa kutoka nchi hadi nchi, zikagawiwa klabu zilizomlea mchezaji tangu miaka 12 hadi 23. Kila mwaka kati ya 12 na 15 ni robo ya asilimia moja; kuanzia 16 ni nusu. Piga hesabu: mtoto akilelewa mwaka mmoja tu na timu ya hapa, akiwa na miaka 13, halafu auzwe kwa bei ile ya Wanyama, timu inastahili pauni 31,250. Hiyo ni jezi, mipira na nauli za boti za miaka mingi.

Sharti ni moja: awe amesajiliwa rasmi, jina na tarehe. Tangu Novemba 2022 FIFA hufuatilia malipo haya kwa rekodi za usajili za kielektroniki, si kwa ushahidi wa wazee wa baraza.

Juzi nilimuuliza kocha mmoja wa mtaani daftari lake la wachezaji liko wapi. Akacheka. Lilirowa, akasema, mwaka ule wa mvua nyingi.