Je, wajua msitu wa hekalu la Meiji, Tokyo, ulipandwa kwa mikono?

Ukishuka kituo cha treni cha Harajuku, katikati ya Tokyo, ni hatua chache tu hadi kwenye lango kubwa la mbao liitwalo torii. Ukishalipita, kelele za jiji hufifia. Mbele yako ni njia pana ya changarawe, na kila upande msitu mnene. Mgeni huapa kwamba hekalu lilijengwa ndani ya msitu wa kale. Kumbe hekalu na msitu ni marika. Miaka 110 hivi iliyopita, sehemu kubwa ya hapa ilikuwa mashamba na nyasi.

Hekalu hili la Shinto, dini ya asili ya Japani, lililokamilika 1920, lilijengwa kwa heshima ya Mfalme Meiji, aliyefariki 1912, na mkewe Shoken. Kwa Washinto, miungu huhusishwa sana na miti, hivyo hekalu lilihitaji msitu wake. Ubishi ukawa: mti gani? Waziri Mkuu Okuma Shigenobu alitaka sugi, yaani mierezi ya Kijapani, mirefu na iliyonyooka kama ile ya Nikko, mji wa mahekalu kaskazini mwa Tokyo. Mtaalamu wa misitu Honda Seiroku akamkatalia waziri mkuu (si jambo dogo!), akisema sugi haitastahimili moshi wa Tokyo. Akachagua miti ya majani mapana isiyopukutika: mialoni, shii (jamii ya mwaloni), na kusu, mti unaotoa kafuri, ile ile tunayoijua kwenye sanda.

Watu wa kila pembe ya Japani walitoa miti ipatayo 100,000, na vijana 110,000 wakajitolea kuipanda kwenye hekta 70. Ujanja ulikuwa katika mpangilio. Misonobari mirefu ilitangulia kutoa kivuli, chini yake ikakaa miti ya kimo cha kati, na chini kabisa miche ya mialoni na kusu. Misonobari ingekufa yenyewe, na ile ya chini ingepanda juu, hadi msitu ujizalishe bila mkulima. Wataalamu walikadiria kazi hiyo ingechukua takriban karne moja na nusu. Ilikwenda haraka kuliko hivyo.

Mabomu ya 1945 yaliteketeza hekalu, likajengwa upya 1958, lakini msitu kwa sehemu kubwa ulinusurika. Hadi leo haupewi mbolea. Wafagiaji hupita njiani na mifagio mirefu, wakikusanya majani yaliyoanguka. Hawayachomi wala hawayatupi; huyarudisha chini ya miti yalikotoka.