Je, Wajua kwa Nini Conan Hajapanda Darasa Tangu 1994?

Mnamo Januari 1994 jarida la Kijapani la Weekly Shonen Sunday, linalochapishwa na kampuni ya Shogakukan, lilianza kutoa manga (hadithi ya katuni ya Kijapani) mpya ya Gosho Aoyama iitwayo Detective Conan. Sura ya kwanza inatukutanisha na Shinichi Kudo, mwanafunzi wa sekondari mwenye umri wa miaka 17 anayesifika kwa kufumbua kesi zinazowashinda polisi. Akiwa matembezini na Ran Mori, rafiki yake wa tangu utotoni, katika bustani ya michezo ya Tropical Land, anamfuatilia mmoja wa wanaume wawili waliovaa nguo nyeusi, anapigwa kichwani kwa nyuma na kunyweshwa sumu iitwayo APTX 4869, na badala ya kufa anazinduka akiwa na mwili wa mtoto mdogo. Anajipa jina la Conan Edogawa, anahamia nyumbani kwa Ran, ambaye baba yake Kogoro ni mpelelezi wa kujitegemea, na anaandikishwa darasa la kwanza katika shule ya msingi ya Teitan. Tangu hapo zimetoka juzuu zaidi ya 100 za manga, vipindi zaidi ya 1,100 vya anime (katuni ya televisheni) iliyoanza Januari 1996, na filamu ya sinema karibu kila mwaka tangu 1997. Conan bado yuko darasa la kwanza.

Ugumu wa jambo hili huonekana vizuri zaidi ukiikumbuka kalenda ya shule za Japani, ambako mwaka wa masomo huanza Aprili na kumalizika Machi. Ran yuko mwaka wa pili kati ya mitatu ya sekondari ya juu tangu sura ya kwanza, na hajaingia wa tatu. Kwa hiyo kila kesi aliyoifumbua Conan, kila safari ya ufukweni wakati wa kiangazi na kila usiku wa theluji milimani inapaswa kuingia ndani ya mwaka mmoja usiotimia. Haingii. Msomaji amekwisha kuona maua ya micheri yakichanua na majani ya vuli yakigeuka mekundu mara nyingi mno kuliko mwaka mmoja unavyoruhusu, na idadi ya maiti alizokutana nazo mtoto huyu peke yake ingetosha kuuvunja mwaka huo.

Hata hivyo, majira yanayojirudia ni sehemu ndogo tu ya mkanganyiko. Kinachowashangaza zaidi wasomaji ni kwamba watu wamesimama huku ulimwengu unaowazunguka ukisonga mbele. Katika juzuu za mwanzo Conan hujificha kwenye kibanda cha simu ya umma ili ampigie Ran kwa sauti ya Shinichi, akitumia tai ya kubadilisha sauti aliyotengenezewa na Profesa Agasa. Ai Haibara anapoingia katika hadithi, yeye akiwa ndiye mwanasayansi aliyeiunda sumu ile na kisha kuimeza mwenyewe, data za utafiti wake zinatafutwa ndani ya diski ya flopi. Baadaye simu za mkononi za kukunja zinakuwa kitu cha kawaida, na baadaye tena watu walewale, wakiwa na umri uleule, wanashika simujanja na kutumiana ujumbe kwa programu. Kwa hesabu ya hadithi, mapinduzi hayo yote ya mawasiliano yametokea kabla mtoto hajamaliza darasa moja.

Jina la sura ya kwanza kabisa linamwita Shinichi Holmes wa Heisei, kwa kumfananisha na Sherlock Holmes, mpelelezi maarufu wa riwaya za Kiingereza. Heisei ni enzi ya Mfalme Akihito, iliyoanza Januari 1989 na kumalizika tarehe 30 Aprili 2019 alipong'atuka. Manga iliendelea kuchapishwa katika enzi mpya ya Reiwa, na kijana aliyepewa enzi nzima kuwa sifa yake akaivuka bila kuongeza hata mwaka mmoja. Filamu ya tatu, iliyotoka 1999, inaitaja katika jina lake karne iliyokuwa inakwisha. Karne hiyo imekwenda zake, na Conan hakuondoka nayo.

Mfano ninaouona kuwa mzito kuliko yote, ingawa wasomaji wengi huupita haraka, ni wa sheria. Katika hadithi za upelelezi za Kijapani za miaka ya 1990, mwandishi aliweza kujenga mvutano mkubwa kwa kutumia ukomo wa muda wa mashtaka, kwani kesi ya mauaji ilikuwa ikifungwa baada ya miaka 15. Aoyama aliutumia ukomo huo, kwa mfano katika kisa cha baba wa afisa Miwako Sato, polisi aliyekufa akimfuatilia mhalifu miaka mingi kabla, ambapo binti yake anapambana na muda unaokwisha. Lakini Japani ilirefusha muda huo kuwa miaka 25 mwaka 2005, na Aprili 2010 ikaufuta kabisa kwa makosa ya mauaji. Simujanja inaweza kuchukuliwa kuwa pambo la picha, kitu cha kufumbia macho. Sheria ya mauaji ni nguzo ya hadithi ya upelelezi. Mwaka mmoja wa maisha ya Conan umebeba ndani yake tawala mbili za kisheria zinazokanushana, na msomaji anayesoma juzuu zote mfululizo hulazimika kuziamini zote mbili.

Kusimamisha umri wa wahusika si uvumbuzi wa Aoyama. Manga ya Sazae-san ya Machiko Hasegawa ilianza 1946, na anime yake, inayorushwa Jumapili jioni tangu Oktoba 1969, ndiyo katuni ya televisheni iliyodumu muda mrefu kuliko zote duniani. Mtoto Katsuo ana miaka 11 na mdogo wake Wakame ana miaka 9, mwaka baada ya mwaka, kiasi kwamba Wajapani huutumia mfano wa familia hiyo kila wanapotaka kueleza hadithi ambayo umri wake umeganda. Ila kuna tofauti kubwa. Anime ya Sazae-san iliuzuia ulimwengu pia: nyumba ile ilibaki na simu yake nyeusi ya kuzungusha kidole muda mrefu baada ya simu hizo kutoweka katika nyumba halisi. Watu wamesimama na vitu vimesimama, kwa hiyo hakuna kinachogongana. Aoyama alisimamisha nusu moja tu, na mgongano ukazaliwa hapo.

Kwa nini basi hakuganda na mambo ya 1994, au akawaacha wahusika wakue kama Akira Toriyama alivyomwacha Goku, shujaa wa manga yake ya Dragon Ball, aanze mtoto na kumaliza akiwa babu?

Jibu la swali la kwanza limo katika aina ya hadithi yenyewe. Kisa cha upelelezi ni shindano la haki kati ya mwandishi na msomaji, na shindano hilo hutaka vifaa vya uhalifu viwe vile ambavyo msomaji anavijua. Hila ya muuaji wa leo hupitia kamera za usalama, nywila, ujumbe uliofutwa na alama za vidole kwenye kioo cha simu. Mtoto wa Kijapani anayenunua jarida kwa mara ya kwanza leo hajawahi kuingia kwenye kibanda cha simu, na hawezi kutegua fumbo linalokitegemea. Zaidi ya hapo, kisa cha Sazae-san ni cha mambo ya nyumbani, ambayo hayachakai upesi, ilhali polisi wa Tokyo wasio na simujanja wangemfanya msomaji afikirie kila ukurasa kwamba anasoma hadithi ya kale.

Jibu la swali la pili limo katika kiini cha hadithi. Mvutano wote wa Detective Conan hutokana na jambo la muda: Shinichi ametoweka, Ran anamngoja, na uongo wa kila siku unaokoa maisha yao. Kungoja kwa miezi kadhaa kunagusa moyo. Kungoja kwa miaka thelathini, huku anayengojewa anaishi chumba cha jirani na kumdanganya, kungemgeuza Shinichi kuwa mtu katili, na Ran kuwa mwanamke aliyeibiwa ujana wake. Muda ukisonga kikweli, Conan naye atakua, atafika tena miaka 17 kwa njia ya kawaida, na tatizo la sumu litajimaliza bila mpelelezi yeyote. Kwa maoni yangu hili ndilo linaloufanya usimamishaji huu kuwa wa lazima kwa Aoyama kuliko kwa mwandishi mwingine yeyote wa manga ndefu: hadithi yake haiwezi kustahimili mwaka wa pili.

Biashara nayo ina sehemu yake, na si ndogo. Filamu hutoka kila Aprili kwa utaratibu wa kudumu, isipokuwa ile ya 2020 iliyoahirishwa mwaka mzima kwa sababu ya janga la korona, na filamu ya 2023 ilivuka mapato ya yen bilioni 10 nchini Japani. Mtazamaji anayeingia sinema mara moja kwa mwaka anategemea kumkuta Conan yuleyule, kwa Kogoro yuleyule, bila kulazimika kusoma juzuu mia moja kwanza.

Hata hivyo Aoyama hakuuachilia wakati uende ovyo. Ukisoma kwa makini utaona kwamba karibu hataji mwaka wa kalenda, hutaja umbali. Polisi Jinpei Matsuda, aliyekufa kwenye gurudumu kubwa la kupanda angani akitegua bomu, alikufa miaka mitatu iliyopita. Ndivyo anime ilivyosema kisa hicho kiliporushwa 2003, na ndivyo ilivyokuwa bado katika filamu ya 2022 inayomrejesha. Mchezaji wa shogi, yaani sataranji ya Kijapani, Koji Haneda aliuawa miaka 17 iliyopita. Anayejaribu kubandika mwaka halisi kwenye kifo cha Haneda atakwama mara moja: kisa hicho kilifunuliwa katikati ya miaka ya 2010, kwa hiyo hesabu ya nje inamrudisha karibu na mwisho wa miaka ya 1990, wakati ambao Shinichi alikwisha kuchapishwa kwa miaka kadhaa akiwa kijana mkubwa, lakini hesabu ya ndani inamtaka wakati huo awe ndiyo kwanza anazaliwa. Umbali unabaki imara, na sehemu unakoanzia kupimwa inateleza pamoja na leo ya msomaji.

Ndani ya mwaka huo unaoteleza, mpangilio wa matukio unaheshimiwa. Shinichi anamweleza Ran mapenzi yake jijini London mbele ya mnara wa Big Ben, katika vipindi vilivyorushwa 2011, na Ran anamjibu Kyoto katika safari ya shule iliyorushwa Januari 2019. Mtazamaji alingoja jibu hilo zaidi ya miaka saba. Ran hakuchukua muda huo, na safari yenyewe ni ile ambayo shule za Kijapani kwa kawaida huwapeleka wanafunzi wa mwaka wa pili, jambo linaloonyesha kwamba mwandishi bado anajua yuko wapi kwenye kalenda ya shule.

Makosa ya kweli, yale yasiyoweza kutetewa kwa hoja ya wakati unaoteleza, hupatikana zaidi katika anime. Katika manga, mwanamke anayejiita Masami Hirota anauawa mapema sana na Shirika la watu wa nguo nyeusi, lilelile la wanaume waliomnywesha Shinichi sumu, na baadaye tunajua kwamba alikuwa Akemi Miyano, dada mkubwa wa Haibara. Watengenezaji wa anime walipokitoa kisa hicho mwaka 1996 hawakujua kitakuja kubeba nini, wakaliondoa Shirika ndani yake. Ilipofika zamu ya Haibara kuingia, Januari 1999, hapakuwa na dada wa kumlilia. Ikabidi kisa kilekile kisimuliwe upya muda mfupi kabla, safari hii kwa kuifuata manga, na hivyo anime ikabaki na matoleo mawili ya tukio moja yasiyopatana. Hapa tatizo halikutokana na umri kuganda. Lilitokana na kuhamisha kwenye skrini hadithi ambayo mwandishi wake bado anaiandika, wiki kwa wiki, na ambayo siri zake ziko kichwani mwake peke yake.

Katika ngano za Abunuwasi hakuna anayeuliza shujaa ana miaka mingapi, kwa kuwa kila ngano inajitosheleza na kesho inaanza upya. Detective Conan haina uhuru huo, kwa sababu nyuma ya kesi za kila wiki kuna uzi mmoja mrefu wa Shirika, na katika uzi huo umri ni ushahidi. Mhusika anayeuonyesha ukweli huu ni Vermouth. Mwigizaji Sharon Vineyard na Chris anayedaiwa kuwa binti yake ni mtu mmoja, naye ndiye Vermouth, mwanachama wa Shirika, na afisa wa FBI Jodie Starling, aliyemwona utotoni miaka 20 iliyopita usiku ule baba yake alipouawa, anamkuta akiwa na uso uleule na kumuuliza kwa nini hazeeki. Ni ujasiri mkubwa kwa mwandishi kuweka fumbo la mwanamke asiyezeeka ndani ya hadithi ambayo hakuna anayezeeka. Fumbo linafanya kazi kwa sababu Aoyama ametupa kipimo: Jodie, aliyekuwa mtoto usiku ule, sasa ni mwanamke mzima. Ukimpima Vermouth kwa kalenda ya ukutani kwako, hana tofauti yoyote na Ran wala Kogoro. Ukimpima kwa Jodie, kuna miaka 20 ambayo mmoja wao ameiishi na mwingine, usoni, hakuiishi, na miaka hiyo ni sehemu ya kesi.