Mtoto wa Mbwa Mbishi Hafunzwi kwa Fimbo

Wengi wanaonunua mtoto wa Rottweiler, Boerboel au German Shepherd wanatafuta mlinzi. Humfungia bandani kutwa nzima kwa imani kwamba ndivyo anavyokuwa mkali. Akifikisha miezi mitano hashikiki: anatafuna viatu, anaparamia watoto, akiitwa haji. Hapo ndipo analetwa kliniki, na sisi madaktari wa mifugo tunaulizwa dawa ya ubishi.

Ubishi huo amezaliwa nao. Rottweiler alizalishwa Ujerumani aswage ng'ombe. Boerboel ni wa Afrika Kusini, alilinda mashamba. Kazi hizo zilihitaji mbwa anayeweza kuamua mwenyewe, wala asiyekata tamaa upesi. Tabia ya namna hiyo huelekezwa, na muda wa kuielekeza ni mfupi.

Kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 14, mtoto wa mbwa hujifunza nani wa kumwamini na kipi si cha kuogopa. Mwaka 1961 watafiti wa Bar Harbor, jimboni Maine, Marekani, walichapisha matokeo ya watoto wa mbwa waliokuzwa bila kugusana na binadamu. Waliokaa hivyo hadi wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa porini, na kuwazoesha watu ilikuwa kazi ngumu mno. Anayefungiwa bandani umri huo hukua na woga, na mbwa mwoga hamchagui wa kumng'ata: anaweza kuwa mwizi, anaweza kuwa mjukuu wako.

Usimchukue kabla ya wiki 8, kwa sababu kwa mama yake na nduguze ndiko anakojifunza kupunguza nguvu ya meno. Akishafika kwako, anza siku hiyo hiyo. Kwa kuwa chanjo zake hazijakamilika, asikanyage mahali wanapopita mbwa wengine. Virusi vya parvo, ugonjwa wa kuhara na kutapika unaoua watoto wa mbwa, hudumu udongoni kwa miezi mingi. Mbebe mikononi, msimame mbali kidogo na kituo cha bodaboda, asikie honi, aone wanafunzi na watu wenye miavuli. Akitulia, mpe kitu kitamu.

Mapenzi yenu yanaanzia kwenye chakula. Keti chini, umlishe sehemu ya mlo wake kwa kiganja. Taja jina lake. Akikutazama tu, mpe papo hapo, maana ukichelewa hataunganisha tuzo na alichofanya. Vipande vya maini ya kuchemsha, vidogo kama punje ya hindi, vinatosha. (Mabaki yenye vitunguu msimpe kabisa, vinaharibu damu yake.) Kumfundisha kukaa, shika kipande juu ya pua yake ukisogeze polepole kuelekea kisogoni: kichwa kitainuka, makalio yatashuka. Dakika 3 hadi 5 kwa somo zinatosha, mara kadhaa kwa siku, mkome akiwa bado anataka. Na nyumba nzima ikubaliane neno moja. Baba akisema "kaa", dada wa kazi "keti" na watoto "sit", mtamwita mbishi bure.

Haja ni jambo la ratiba: mtoe nje akiamka, akila na akimaliza kucheza, umsifu akijisaidia mahali panapofaa.

Meno ndiyo yanayowatia watu hasira. Meno ya utoto huanza kung'oka karibu na mwezi wa 4, na hadi mwezi wa 6 au 7 fizi zinamwasha. Akikung'ata mchezoni, usimpige wala usiuvute mkono kwa fujo, kwa kuwa ataona mchezo umenoga. Tulia, simama, mgeuzie mgongo kidogo, kisha mpe kitambaa kigumu kilichofungwa mafundo. Kila anayeng'atwa afanye hivyo hivyo. Jino likichubua ngozi, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, uende kituo cha afya siku hiyo hiyo hata kama mbwa ni mdogo. Chanjo ya kichaa cha mbwa kwa kawaida hutolewa akiwa na miezi 3, kwa hiyo mwenye umri chini ya hapo huenda hana kinga.

Akinguruma kwenye sahani, msimnyang'anye; kunyang'anywa kunamthibitishia kwamba mkono wa mtu ni mwizi. Pita mbali kidogo, mtupie kipande cha nyama, uondoke. Rudia kila mlo hadi aanze kufurahia kukuona ukija. Asipobadilika, au akiwatolea meno watoto, mleteni kwa daktari wa mifugo mapema, kwani maumivu ya sikio au tumbo pia humfanya mbwa awe mkali.

Kati ya miezi 6 na 18 atabalehe na atajifanya hakumbuki "njoo". Mfungeni kamba ndefu na mrudie masomo yale ya mwanzo, kwa maini yale yale.